NCHI JIRANI: MTAFITI, MWANDISHI NA BARUA ZA JENERALI

Ofisa wa jeshi au wa polisi anayepelekwa masomoni siku hizi hapimwi kwa gwaride na shabaha peke yake. Hupimwa pia kwa karatasi ya utafiti. Katika Chuo cha Taifa cha Ulinzi kilichoko Kunduchi, Dar es Salaam, katika chuo cha makamanda na wanadhimu kilichoko Kimaka, Jinja, nchini Uganda, na katika vyuo vya ulinzi vya Kenya, maofisa wa nchi jirani hukutana darasani, husoma vitabu vile vile, na hudaiwa kazi ya utafiti kabla ya kurudi vikosini. Kazi hiyo haijengwi kwa hewa. Hujengwa kwa vitabu, ramani, majedwali na hojaji zilizokwisha kuchapishwa na watu wengine.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wengi hulipita upesi. Je, mtafiti anaruhusiwa kuchukua kiasi gani cha kazi ya mtu mwingine, akaifupisha, akaigeuza au akaitafsiri, bila ya kuomba ruhusa? Jibu linalosikika mara nyingi mabwenini na maktabani ni jepesi: taja jina la mwandishi, basi, umemaliza. Jibu hilo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni kitu cha hatari kwa mtu aliyekula kiapo cha kulinda sheria. Kumtaja mwenye shamba hakumpi mpita njia ruhusa ya kuvuna.

Uganda na Kenya zimelijibu swali hili kwa sheria zao, kila moja kwa njia yake. Majibu hayo yanamhusu kila askari anayevuka mpaka kwenda kusoma, kwa sababu sheria ya hakimiliki hufuata mahali tendo linapotendeka. Anayenakili kitabu Jinja hupimwa kwa sheria ya Uganda, na anayekinakili Nairobi hupimwa kwa sheria ya Kenya, hata kama kitabu ni kimoja na mtu ni yule yule. Na yanamhusu pia askari polisi asiyekwenda masomoni kabisa, kwa maana siku moja anaweza kupewa kazi ya kusimama mlangoni mwa duka la fotokopi na kuamua aliyemo ndani ni mwanafunzi au ni mwizi.

Ndugu wasikilizaji, kwanza yafaa ieleweke ni kitu gani hasa kinacholindwa. Hakimiliki hailindi habari wala wazo. Hulinda namna habari au wazo lilivyoandikwa, lilivyochorwa au lilivyopangwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya 2006 ililitamka jambo hili waziwazi: mawazo, taratibu na mbinu za kutenda jambo hazina hakimiliki.

Chukua mfano ulio karibu na kila mwanajeshi wa eneo hili. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Tarehe hizo si mali ya mtu. Mtafiti yeyote, awe Mtanzania au Mganda, anaweza kuziandika bila ya kuomba idhini kwa mwanahistoria yeyote. Lakini mwanahistoria aliyekaa na tarehe hizo miaka kadhaa, akawahoji wazee, akapanga sura na kutunga aya, ndiye mwenye aya hizo. Anayezichukua aya zenyewe, au anayebadilisha maneno machache tu na kuuacha mpango wote wa sura ulivyokuwa, amevuka kutoka kwenye habari akaingia kwenye kazi ya mtu.

Ramani nayo ni hivyo hivyo. Mlima, mto na barabara ni vya Mwenyezi Mungu na vya umma. Mchoro wake ni wa aliyeuchora. Huko Uingereza, shirika la ramani la taifa, Ordnance Survey, lililiandama shirika la wenye magari, Automobile Association, kwa kuzifanya ramani zake kuwa msingi wa ramani nyingine. Ushahidi mmoja ulikuwa alama ndogo ndogo ambazo wachoraji walizitia kwa makusudi, kama vile namna ya kuuchora upana wa barabara. Alama hizo zilionekana pia katika ramani za upande wa pili. Mwaka 2001 shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano, na shirika la wenye magari likakubali kulipa pauni milioni 20. Askari anayejua kusoma nyayo ataelewa mara moja: mwenye kunakili huacha alama njiani.

Kwa upande mwingine, zipo kazi ambazo milango yake iko wazi. Sheria hiyo ya Uganda ya 2006 iliziweka nje ya hakimiliki sheria zilizotungwa na Bunge, hukumu za mahakama, ripoti za kamati na tume za uchunguzi zilizoundwa na Serikali, pamoja na habari za kila siku za matukio. Kwa mpelelezi anayeandika juu ya uhalifu wa mipakani, hiyo ni hazina kubwa. Anaweza kuichambua hukumu, kuifupisha, kuitafsiri na kuinukuu kwa urefu. Linalobaki kwake ni uaminifu wa kitaaluma wa kueleza ilikotoka.

Hata hivyo tahadhari moja yawapasa watu wa majeshi kuliko watu wengine. Hakimiliki ni jambo moja na siri ni jambo jingine. Waraka unaweza kuwa hauna mwenye hakimiliki wa kumshtaki mtu, na bado ukawa na muhuri wa siri unaomzuia ofisa kuutoa kabatini. Vile vile kitabu kinaweza kuuzwa hadharani katika kila duka, na bado kikawa na mwenyewe. Mtafiti hujiuliza maswali yote mawili, na jibu la moja halitoshi kwa lingine.

Ndugu wasikilizaji, baada ya kujua kinacholindwa, linafuata swali la nafasi aliyopewa mtafiti ndani ya kazi inayolindwa. Nafasi hiyo huitwa matumizi ya haki. Ajabu ni kwamba vipimo vilivyomo leo katika sheria ya Uganda vilianzia kwenye barua za askari mmoja, tena jenerali.

George Washington, aliyeongoza jeshi la makoloni ya Marekani katika vita vya uhuru na baadaye akawa Rais wa kwanza wa nchi hiyo, alifariki 1799 na kuacha maelfu ya barua na nyaraka. Mwanahistoria Jared Sparks alizipanga na kuzihariri, zikachapishwa katika majuzuu 12. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka. Baadaye mchungaji mmoja, Charles Upham, alitunga kitabu cha maisha ya Washington katika majuzuu 2, kwa ajili ya maktaba za shule, akimfanya jenerali mwenyewe asimulie maisha yake kwa barua zake. Kitabu cha Upham kilikuwa na kurasa 866. Kati ya hizo, kurasa 353 zilitolewa neno kwa neno katika majuzuu ya Sparks.

Shauri lilifika mbele ya Jaji Joseph Story mwaka 1841. Upham hakuwa mwizi wa usiku. Alikuwa na nia njema, alitunga kitabu kipya chenye umbo lake, na alikiandika kwa ajili ya watoto wa shule. Lakini jaji hakuishia kwenye nia. Alitazama ni vipande gani vilivyochukuliwa na kwa shabaha gani, alitazama wingi wake na thamani yake, na alitazama kama kitabu kipya kingepunguza mauzo ya kile cha kwanza au kuchukua nafasi yake. Kwa vipimo hivyo Upham na wachapaji wake walishindwa.

Vipimo vya Jaji Story vilirithiwa na mahakama za Marekani kwa zaidi ya miaka 130, hata vikaandikwa katika sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo ya 1976. Watunga sheria wa Uganda walipoandika sheria yao ya 2006 walivichukua vipimo vinne vya aina hiyo, wakaviweka chini ya orodha ya matendo yanayoruhusiwa. Ndiyo kusema kwamba mwanafunzi wa Kimaka au wa Makerere anayetaka kujua kama amechukua kwa haki au kwa dhuluma hana budi kujibu maswali manne.

La kwanza: anatumia kwa shabaha gani? Je, ni biashara, au ni elimu isiyo na faida ya fedha? La pili: kazi anayoitumia ni ya namna gani? Jedwali la takwimu halina uzito mmoja na shairi au riwaya. La tatu: amechukua kiasi gani, na kiasi hicho ni sehemu gani ya kazi nzima? Wakati mwingine kurasa mbili zinaweza kuwa ndizo moyo wa kitabu. La nne: utumiaji wake utaathiri vipi soko la kazi ile au thamani yake?

Maswali haya hayajibiwi kimoja kimoja na kuhesabiwa kama mabao. Hupimwa kwa pamoja. Mfano ni huu. Ofisa mwanafunzi anaandika juu ya ulinzi wa maziwa. Anachukua jedwali moja katika kitabu cha kurasa 300, analichora upya, anaongeza safu yake mwenyewe, anaeleza ni wapi anapokubaliana na mwandishi na wapi anapompinga, na anataja kitabu na ukurasa. Karatasi yake inakwenda kwa wasahihishaji na maktaba ya chuo. Hapo mizani inamwelekea vizuri. Mfano wa pili ni wa mkufunzi anayechukua kitabu kizima cha mafunzo chenye kurasa 120, anabadilisha jalada, anaandika kwamba kimetayarishwa kwa ajili ya kozi yake, na kila mwaka kinatolewa nakala kwa wanafunzi wote. Shabaha ni elimu, hilo halibishaniwi. Lakini amechukua kitabu chote, na kila nakala anayoitoa ni nakala moja ambayo haitanunuliwa. Upham alichukua sehemu isiyofikia nusu ya kurasa za kitabu chake, akashindwa. Huyu amechukua yote.

Ndugu wasikilizaji, Kenya ilipita njia nyingine. Wakati wa ukoloni, nchi za Afrika Mashariki zilitawaliwa na sheria za hakimiliki za Uingereza. Sheria ya Uingereza ya 1911 iliruhusu kazi itumiwe kwa haki kwa shabaha zilizotajwa, zikiwamo masomo ya faragha, utafiti na uhakiki. Baada ya uhuru Uganda ilitunga sheria yake 1964, na Kenya na Tanzania zikatunga zao 1966. Kenya iliibadilisha sheria hiyo kwa kutunga mpya ya 2001, na kuifanyia marekebisho makubwa 2019, lakini mtindo wa kutaja shabaha uliendelea.

Sheria ya Kenya ya 2001 ilitaja shabaha zenyewe: utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki, na kutangaza matukio ya wakati uliopo, kwa sharti la kutaja chanzo. Haikuorodhesha vipimo vinne kama Uganda. Kwa hiyo mtafiti aliyeko Nairobi huanza kwa swali la mlangoni: je, shabaha yangu imo katika orodha? Kama haimo, nia njema haimwingizi ndani. Kama imo, bado linabaki neno "haki", na neno hilo humrudisha kwenye mambo yale yale ya kiasi na madhara.

Tena sheria hiyo ya Kenya iliweka kipimo cha wazi kwa wanaokusanya vipande vya vitabu kwa ajili ya shule na vyuo vikuu. Mkusanyaji aliruhusiwa kutia vipande vifupi visivyozidi viwili kutoka katika kazi moja, kwa kutaja jina la kazi na la mwandishi. Vipande viwili, tena vifupi. Mwalimu anayefunga pamoja sura nane za kitabu kimoja na kuziita mkusanyo wa masomo hawezi kujificha nyuma ya ruhusa hiyo. Kwa wenye kuhitaji kunakili zaidi, Kenya ina chombo kiitwacho KOPIKEN kinachotoa leseni za kunakili, ili chuo kilipe na mwandishi apate chochote. Uganda nayo ina chombo chake cha namna hiyo.

Sheria ya Tanzania ya 1999 haiko mbali na jirani zake. Iliruhusu kunukuu kazi iliyochapishwa na kuitumia kuwa mfano wa kufundishia, mradi kiasi kisizidi kile kinachohitajika, na chanzo na jina la mwandishi vitajwe. Kwa hiyo ofisa anayetoka Dar es Salaam kwenda Jinja au Nairobi haendi ugenini kabisa. Anakwenda mahali ambapo kanuni ni za ukoo mmoja, bali milango yake haikuwekwa upande mmoja.

Ndugu wasikilizaji, jambo linalowakwaza watafiti wengi kuliko kunukuu ni kugeuza. Kunukuu ni kuchukua maneno ya mtu jinsi yalivyo na kuyaweka ndani ya alama zake. Kugeuza ni kuchukua kazi ya mtu na kuifanya iwe na umbo jingine: kuitafsiri kwa Kiswahili, kuifupisha, kuibadilisha hojaji ili ifae mazingira mengine, au kuufanya mchoro uwe mwingine. Haki ya kuruhusu tafsiri na mageuzi ni ya mwenye kazi, na ni haki inayosimama peke yake. Anayetafsiri kitabu hajakwepa hakimiliki kwa sababu hakuna neno hata moja la asili lililobaki.

Sheria za Uganda na Tanzania ziliruhusu mtu kutafsiri au kugeuza kazi kwa matumizi yake mwenyewe ya faragha. Askari anayejitafsiria sura moja ili aielewe vizuri hana kosa. Lakini faragha ina mwisho wake. Chukua hojaji ya kupima msongo wa mawazo kwa wanajeshi waliorudi kutoka kulinda amani. Imetungwa na wataalamu wa ng'ambo na inauzwa. Mtafiti anaitafsiri kwa Kiswahili, anabadilisha maswali matano, na kuigawa kwa askari 400 kambini. Nakala 400 si faragha tena. Kutaja majina ya wataalamu hao chini ya ukurasa ni adabu inayotakiwa, lakini ruhusa yao bado haijapatikana. Na ubaya wake si wa kisheria tu. Hojaji iliyogeuzwa bila ya waliotunga kujua inaweza kuwa imeharibika, ikapima jambo jingine kabisa, na matokeo yake yakapelekwa kwa makamanda wanaoamua nani arudi kazini na nani apewe matibabu.

Dawa yake si ngumu. Ni barua. Barua ya kuomba ruhusa hutaja kazi yenyewe na kurasa zake, hueleza ni mageuzi gani yatakayofanywa, ni nakala ngapi zitakazotolewa, zitatumika wapi, na kama zitauzwa au la. Hupelekwa kwa mwenye haki, ambaye mara nyingi ni mchapishaji wala si mwandishi. Jibu lake huhifadhiwa jaladani na nakala yake huambatishwa kwenye tasnifu. Mwenye haki akinyamaza, kimya chake si ruhusa. Wapo pia waandishi na mashirika wanaochapisha kazi zao pamoja na leseni ya wazi, inayoeleza mapema kama kunakili kunaruhusiwa, kama kugeuza kunaruhusiwa, na kama biashara inaruhusiwa. Dakika tano za kuisoma leseni hiyo zinaweza kuokoa miezi mitano ya masumbuko.

Inafaa pia kukumbuka kwamba haki aliyokuwa nayo mtafiti jana inaweza isimfae kesho. Tasnifu iliyosomwa na wasahihishaji wanne ni kitu kimoja. Tasnifu hiyo hiyo ikiwekwa kwenye intaneti ili dunia nzima iisome, au ikifanywa kitabu cha kuuzwa, ni kitu kingine. Michoro mitatu iliyopita kwa haki katika chumba cha mtihani hupimwa upya kitabu kinapofika dukani, kwa sababu swali la kwanza na la nne, la shabaha na la soko, yamekwisha kubadilika majibu.

Kwa askari polisi, somo linageuka upande wa pili. Sheria ya Kenya iliunda wakaguzi wa hakimiliki wenye madaraka ya kuingia na kukagua mahali pa biashara. Kazi kama hiyo inahitaji macho yanayobagua mambo. Kijana aliyekutwa na kurasa sita za sura moja, zimejaa mistari ya kalamu na maelezo pembeni, huenda ni msomaji aliye ndani ya haki yake. Chumba chenye nakala 500 za kitabu kizima, zimejalidiwa tayari kwa kuuzwa, ni habari nyingine. Kumkamata wa kwanza ni kumwonea mwanafunzi, na kumwacha wa pili ni kumwonea mwandishi. Askari anayejua maswali manne hatahitaji kubahatisha: anaangalia shabaha, anaangalia aina ya kazi, anahesabu kiasi, na anauliza nani atakayepata hasara.

Vile vile asichanganye makosa mawili yanayofanana kwa sura. Kumnukuu mtu bila ya kumtaja, na kujifanya maneno ni yako, ni udanganyifu wa kitaaluma, na chuo ndicho kinachouhukumu. Kuvunja hakimiliki ni kosa mbele ya sheria. Mtu anaweza kufanya la kwanza bila ya la pili, kwa kunakili kazi ya zamani ambayo muda wake wa kulindwa umekwisha. Anaweza kufanya la pili bila ya la kwanza, kwa kunakili kitabu kizima na kumtaja mwandishi kila ukurasa. Na anaweza kuyafanya yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Ndugu wasikilizaji, yupo atakayeuliza kama sheria hizi si mirija ya wachapishaji wakubwa wa ng'ambo iliyowekwa shingoni mwa nchi maskini. Swali hilo ni la haki, na Afrika haikunyamaza. Mwaka 1963 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Brazzaville kuzungumzia hakimiliki na mahitaji ya mataifa mapya. Mwaka 1967, katika mkutano wa Stockholm wa kurekebisha Mkataba wa Berne, nchi zinazoendelea zilidai nafasi pana zaidi ya kutafsiri na kunakili vitabu kwa ajili ya elimu. Zilipewa itifaki, lakini nchi zenye viwanda vikubwa vya vitabu hazikuikubali. Mwaka 1971 mjini Paris itifaki hiyo ilibadilishwa kuwa nyongeza yenye masharti mengi.

Nyongeza hiyo ilitoa njia ambayo nchi inayoendelea, ikitoa taarifa rasmi, inaweza kumpa raia wake leseni ya kutafsiri kitabu kwa ajili ya kufundisha, usomi au utafiti, hata kama mwenye haki hakukubali, kwa malipo ya haki. Kwa kawaida husubiriwa miaka 3 tangu kitabu kuchapishwa. Kwa lugha isiyotumika kwa jumla katika nchi zilizoendelea, na Kiswahili kimo humo, muda huo ni mwaka 1. Mlango upo, lakini taratibu zake ni ndefu, na ni nchi chache zilizowahi kuupita. Kwa hiyo madai ya mwaka 1967 hayajamalizika. Yanawahusu wabunge, vyuo vikuu na vyama vya waandishi, na pahali pake ni katika mabaraza ya kutunga sheria, si katika mashine ya fotokopi saa nne usiku.

Maana lipo pia upande wa pili jambo ambalo lawama kwa wageni haliwezi kulifunika. Vitabu vinavyonakiliwa katika miji yenye vyuo vikuu vya Afrika Mashariki si vya London na New York peke yake. Vimo vya waandishi wa Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar. Mwandishi wa kitabu cha sheria ya ushahidi, au cha historia ya jeshi, au cha sarufi, anaweza kuwa ni mwalimu anayelipa karo za watoto wake kwa kitabu hicho kimoja. Kitabu chake kikiuzwa kwa nakala za wizi, hataandika cha pili. Na kisipoandikwa cha pili, mtafiti wa mwaka unaofuata atakuwa hana budi kusoma habari za nchi yake kwa macho ya wageni. Hasara hiyo haionekani katika daftari la mashtaka, bali taifa huilipa.

Uganda ilijibu kwa vipimo vinne, na Kenya ikajibu kwa orodha ya shabaha. Katika majibu yote mawili mtafiti hakufungiwa mlango, wala hakukabidhiwa nyumba. Amepewa nafasi ya kuingia, kusoma, kunukuu kwa kiasi, kuchambua na kutaja alikopata. Akihitaji zaidi ya hapo, abishe hodi.

Ofisa anayejiandaa kwenda masomoni mwaka huu, awe wa jeshi au wa polisi, atafanya vyema kuweka mkobani, pamoja na kalamu zake, yale maswali manne. Na atakapokaa kuandika, na mkono ukavutika kuchukua ukurasa wa tatu na wa nne wa kazi ya mwenzake, azikumbuke zile kurasa 353 za barua za jenerali. Aliyezichukua alikuwa mtu mwema mwenye shabaha njema, na mizani ilimkataa.